Unga mwekundu kwenye shafti: acha kuilaumu beringi

Juzi usiku kijana mmoja, fundi wa mashine za kusaga kama mimi, alinitumia picha ya shafti iliyojaa unga mwekundu na swali fupi: "Kaka, niongeze grisi?" Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Picha ile ningeweza kuipiga mimi miaka sita iliyopita.

Wakati huo nilikuwa nahudumia mashine ya mama mmoja hapa Morogoro. Beringi ya upande wa puli ilikuwa haimalizi miezi miwili. Ya kwanza nikabadilisha, nikalipwa. Ya pili nikabadilisha, nikasema duka limetuuzia feki. Ya tatu nikainunua mwenyewe, ghali, nikamwambia mama sasa alale usingizi. Wiki ya tano akapiga simu: "Baba, imeanza kulia tena." Nilipofika, foleni ya ndoo za mahindi ilikuwa imetoka hadi barabarani, na macho yote kwangu.

Kila nilipofungua nilikuta unga mkavu, laini kama kakao, kati ya shafti na ringi ya ndani ya beringi. Nikadhani ni kutu ya maji, nikapaka grisi. Na kwa kuwa beringi ilikuwa inaingia kwa mkono bila nyundo, nikachukua panchi, kile chuma cha ncha kali, nikaidonoa shafti pande zote ili "ikaze". Mafundi mnaosoma hapa mnanielewa, msijifanye malaika.

Aliyeniumbua ni mzee mmoja mkereza vyuma. Aliipima shafti kwa maikromita, kifaa cha kupima unene kwa usahihi mkubwa: mahali pa beringi ya milimita 50 palisoma 49.94. Wala hakunigombeza. Alininyooshea kidole kwenye vidoti vyangu vya panchi, vichwa vimesagika bapa, akasema, "Mwanangu, beringi yako ilikuwa imekalia chunusi."

Ndipo nikaelewa. Vyuma viwili unavyoviona vimetulia vikilegeana kidogo tu, mtetemo unavisuguanisha, mara nyingi kwa mwendo usiofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngozi ya chuma inakwanguka, vumbi lake linashika hewa na kugeuka kutu, na kutu hiyo, ndiyo ule unga mwekundu, haina pa kutokea. Inabaki humo ikisaga kama msasa. Tone la maji halihitajiki. Tena hapo hapo ndipo nyufa ndogo huanzia, na shafti iliyokatika ghafla huwa ilianza hivyo mara nyingi.

Ringi ya ndani inataka kubanwa. Kwa kipimo cha k6, moja ya viwango vya mafundi vya shafti ikaze kiasi gani, shafti ya milimita 50 inatakiwa iwe kati ya 50.002 na 50.018. Unywele mmoja una kama maikroni 70, yaani milimita 0.07. Sasa niambie, panchi na nyundo vitaupata wapi usahihi huo?

Shafti mpya nilimlipia mimi. Mama alishukuru vizuri sana, na tangu siku ile anamwita fundi mwingine. Nikipita pale naisikia inavyoimba, shafti yangu ile ile.

Kwa hiyo pima. Kabla hujalitukana duka, pima. Una simu ya laki nne mfukoni na huna maikromita, halafu unajiita fundi? Beringi ikiingia kwa mkono pale inapotakiwa kubanwa, simama, pima.

Hata mashine iliyozimwa haiko salama ikiwa jirani yake inanguruma. Marekani, miaka ya 1930, magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni yalifika beringi za magurudumu zikiwa na vishimo, na magurudumu hayajazunguka hata kilomita moja. Ni mtikisiko wa safari tu. Mashine ya akiba izungushe kwa mkono kila wiki, ukiiacha mahali tofauti na ulipoikuta.

Na wewe kijana wa picha: grisi usiongeze. Futa huo unga kwa kitambaa kikavu, pima sehemu tatu, kisha geuza shafti robo mzunguko upime tena. Nitumie namba, picha nimeshaiona.