Kuwaza tonge, kuamsha mkono

SWALI: Baba yetu alipatwa na kiharusi miezi minne iliyopita na mkono wa kulia ukalegea. Mtaalamu wa viungo humwambia afumbe macho awaze anashika kikombe. Hapa nyumbani tunaona anapotezewa muda. Kuna lolote linalotendeka kichwani? – Binti wa mzee, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Lipo, dada, na limepimwa. Amri ya kusogeza mkono hutoka kwenye ukanda wa ubongo unaoshuka kutoka utosini kuelekea sikioni. Hushuka hadi pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, ikavukia upande wa pili, kisha ikafika kwenye neva za mkono. Ndiyo sababu kiharusi cha kushoto hulegeza mkono wa kulia.

Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, huko Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba pigo la sumaku juu ya fuvu husisimua ukanda huo bila upasuaji. Tangu hapo njia hiyo ya amri hupimika. Mtu akiwaza anakunja kidole, pigo lile lile huushtua msuli wa kidole hicho kwa nguvu kuliko akiwa ametulia tu. Msuli usiohusika hauamki hivyo. Yaani njia imepashwa moto, ila amri yenyewe imezuiwa mlangoni.

Mzee akiuona mkono wake kama anayetazama runinga, njia hiyo huamka kidogo mno, na hapo ndipo mazoezi mengi ya nyumbani hupotelea. Anatakiwa ausikie mkono kutoka ndani. Kwa hiyo kikombe si kibaya, lakini sisi tungeanza na ugali. Vidole vyake vimeumega miaka na miaka, na kila hatua ina hisia yake: joto la sima, kulifinyanga tonge kiganjani, gumba likitia kishimo, kisha kuchovya kwenye mchuzi wa samaki ngege.

Aketi mezani, mkono uliolegea ukiwa juu ya meza, mahali ungekuwa wakati wa kula. Kwanza amege tonge halisi kwa mkono mzima, ninyi mkihesabu sekunde kwa simu. Kisha awaze kitendo hicho hicho kwa mkono huo huo, aseme "tayari" akimaliza. Nyakati hizo mbili zikikaribiana, anawaza sawasawa. Akimaliza tonge la sekunde nane kwa sekunde mbili, ameruka hatua; mrudisheni polepole. Wengine hushindwa hata wakijitahidi, hasa kiharusi kikiwa kimegusa sehemu ya juu nyuma ya ubongo. Mwambieni mtaalamu wake, msimlaumu mzee.

Baada ya hapo ahamie mkono mgonjwa: awaze mara tano, apumzike dakika moja, arudie, yote yasizidi robo saa. Akikunja uso au kubana pumzi, ameanza kusukuma badala ya kuwaza. Akimaliza tu, ajaribu kuusogeza mkono wenyewe, hata kama ni kidole kimoja kinachotikisika. Zoezi hili limeonekana kusaidia likiandamana na mazoezi ya kawaida. Msiache kliniki kwa ajili yake.

SWALI: Nimevunjika kifundo cha mkono, kimefungwa plasta wiki sita. Naogopa kurudi kwenye bodaboda nikashindwa kubana klachi. – Nakuru

JIBU: Sehemu ya udhaifu unaouogopa haiko kwenye msuli, ubongo nao hupunguza uwezo wa kuuamrisha mkono usiotumika. Katika jaribio la Brian Clark na wenzake, Marekani, lililochapishwa 2014, watu wenye afya walifungwa kifundo kwa wiki nne. Waliokaa tu walipoteza takriban asilimia 45 ya nguvu. Waliowaza wanakunja kifundo, siku tano kwa wiki, walipoteza takriban 24. Hao hawakuwa wamevunjika mfupa, hivyo usitarajie tarakimu hizo hizo.

Waza unakunja kifundo kwa nguvu zako zote sekunde tano, pumzika tano. Mara 13, kisha dakika moja ya mapumziko, hadi mizunguko minne. Weka mkono mwingine juu ya msuli karibu na kiwiko, ukiweza kuufikia: msuli huo ukikaza, ujue unabana kweli, ilhali mfupa bado haujaunga. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Kinanda cha kanisa tunakipata Jumapili tu. Naweza kujifunza kwa kuwaza? – Kakamega

JIBU: Nusu ya safari, ndiyo. Alvaro Pascual-Leone na wenzake, katika utafiti wa 1995, waliwafundisha watu wasiojua kinanda zoezi la vidole vitano, saa mbili kwa siku, siku tano. Walioliwaza tu, siku ya tano walifikia kiwango ambacho waliopiga walikifikia siku ya tatu. Walipopewa kinanda kwa saa mbili tu, wakawakaribia. Jumapili piga kipande kifupi hadi vidole vikijue, kisha ukiwaze Jumatatu hadi Jumamosi. Usiwaze wimbo ambao hujawahi kuupiga, maana utakariri makosa.