Theluji ya Boston: sentimita 5 au 40?

SWALI: Shikamoo. Mwanangu anasoma Boston. Dhoruba ya pwani inakuja Jumamosi na wenzake wanaopenda mambo ya hali ya hewa wanabishana: mmoja anasema theluji sentimita 5, mwingine 40. Nani mwongo? – Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Mwongo hayupo. Ubishi wao ni njia tu itakayopita dhoruba. Baharini, kusini-mashariki mwa Boston, wana nukta yao: latitudo 40 kaskazini, longitudo 70 magharibi. Dhoruba ikipita karibu na hapo, Boston huzikwa. Ikijisogeza nchi kavu, upepo wa bahari huleta joto na theluji inageuka mvua. Ikienda mbali, mji unaambulia mawingu.

Januari 2015 New York ilitabiriwa sentimita 60 hivi, ikapata kama 25. Dhoruba ileile iliimwagia Boston zaidi ya 60!

Halafu kuna baridi yenyewe. Milimita 10 za maji hukadiriwa kuwa sentimita 10 za theluji, lakini baridi ikikaza, theluji huwa nyepesi kama sufi na kufika 15 au zaidi. Sisi wa Moshi tumezoea vibaya: unafungua dirisha alfajiri, Kibo ameongeza weupe, basi umejua usiku kulikuwaje.

Mwambie kijana asishike namba ya leo. Aangalie tena Ijumaa jioni, na mkate anunue kabla ya hapo.