Utumwa uliisha 1865, mbona kura waliidai mpaka 1965?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nasoma kwamba Marekani walifuta utumwa 1865 tena kwenye katiba kabisa, sasa inakuwaje 1965 watu weusi bado wanapigwa virungu na mabomu ya machozi kule Selma, mji wa jimbo la Alabama, kisa wanataka kupiga kura? Hiyo miaka mia katiba ilikuwa wapi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ilikuwepo ndugu yangu, ila kufuta utumwa na kumpa mtu kura ni vitu viwili tofauti. Marekebisho ya 13 ya katiba yalifuta utumwa tu, tena yakaacha upenyo, kwamba mfungwa anaweza kufanyishwa kazi kwa lazima. Na jimbo la Mississippi, kule Kusini, hawakuusubiri hata huo upenyo, Novemba 1865 walishatunga sheria yao ya uzururaji: mtu mweusi wa zaidi ya miaka 18 akikutwa hana kazi anapigwa faini mpaka dola 50, siku tano zikipita hajalipa sherifu anamkodisha kwa yeyote atakayemlipia. Sasa mtu katoka utumwani juzi, dola 50 azitoe wapi?

Ndo Bunge likaongeza mengine, la 14 mwaka 1868 (aliyezaliwa Marekani ni raia, na sheria imlinde sawa na wenzake) na la 15 mwaka 1870, kwamba mtu asinyimwe kura kwa rangi yake. Na yalifanya kazi jamani, mwaka huohuo Hiram Revels, mtu mweusi, akaingia Seneti akitokea Mississippi hiyohiyo.

Shida ikaja baada ya 1877, serikali kuu ilipoacha kuwatumia wanajeshi kuwalinda kule Kusini. La 15 limekataza kumbagua mtu kwa rangi, halijasema lolote kuhusu umaskini wala kutojua kusoma, basi 1890 Mississippi wakaleta masharti ya kupiga kura: kodi ya kichwa dola 2 na mtihani wa kusoma katiba, msahihishaji ni karani mzungu. Louisiana ndo walivuka mipaka kabisa, 1898 wakasema ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kura tarehe 1 Januari 1867 asifanye mtihani, wakijua fika siku hiyo hakuna mweusi wa kwao aliyekuwa nayo! Weusi walioandikishwa wakashuka kutoka 130,000 na ushee mwaka 1896 hadi 5,320 mwaka 1900.

Ujanja wa babu Mahakama Kuu iliufuta 1915, mitihani ikabaki. Baada ya Selma ndo ikapita sheria ya 1965 iliyoruhusu maafisa wa serikali kuu waende wenyewe kuandikisha wapiga kura, bila kumpitia yule karani.