Dakika zote za ripoti yangu ni 08

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naandaa ripoti ya mauzo ya duka la dawa kutoka PostgreSQL, hifadhidata yetu. Dawa iliyouzwa tarehe 9 Agosti saa nane na dakika 37 mchana inatoka 02:08, na mwezi mzima dakika ni 08. Nimeandika to_char(muda, 'dd/MM/yyyy HH:mm') AS muda, muundo uleule niliokuwa nautumia kwenye JasperReports, programu ya kuchapa ripoti, bila shida. Nimekosea wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu. Hiyo 08 si dakika, ni Agosti. Subiri Septemba ifike, zote zitageuka 09.

JasperReports hufuata sheria za Java, lugha ya programu iliyoandikiwa, ambako MM ni mwezi na mm ni dakika. PostgreSQL haitofautishi herufi kubwa na ndogo hapo: zote mbili ni mwezi. Dakika kwake ni MI. Nayo HH huhesabu saa 12 tu, ndiyo maana 14 imekuwa 02. Ukitaka saa 24 andika HH24. Muundo wako uwe 'DD/MM/YYYY HH24:MI'.

Lakini nakuomba usiishie hapo, kwa sababu to_char inakurudishia maandishi, si tarehe tena. Ukipanga kwa ORDER BY muda, PostgreSQL itashika lile jina ulilolipa safu mpya, na 01/09 itatangulia 31/08. Mimi huitoa safu ikiwa tarehe kamili kutoka kwenye hifadhidata, kisha naipamba mwishoni, ndani ya JasperReports, kwa dd/MM/yyyy HH:mm yako ileile. Huko yyyy iwe ya herufi ndogo. YYYY kwa Java ni mwaka wa kuhesabu wiki, yaani siku za mwisho wa Desemba zinaweza kuhesabiwa kwenye wiki ya kwanza ya mwaka unaofuata, na 31 Desemba 2024 itachapwa 31/12/2025. Kosa hilo hujificha karibu mwaka mzima.

Kama duka linauza usiku, kagua pia majira ya saa: andika SHOW timezone. Ikijibu UTC (saa za kimataifa) na safu yako ni timestamptz (tarehe na saa zinazofuata majira yaliyowekwa), mauzo ya saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba yatahesabiwa ya Agosti, maana sisi tuko saa tatu mbele. Weka SET TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' kabla ya kujumlisha mauzo ya siku, na kwenye JasperReports kigezo cha REPORT_TIME_ZONE ukipe majira hayohayo.