Liemba: Meli Iliyozamishwa ili Isipotee

SWALI: Babu yangu, aliyekuwa mpagazi katika bandari ya Kigoma, alitusimulia kuwa meli ya Liemba iliwahi kukaa chini ya Ziwa Tanganyika kwa miaka kadhaa. Je, ni kweli? – Msomaji, Sumbawanga

JIBU: Babu yako alisema kweli. Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuondoka Kigoma, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha, kwa matumaini ya kuja kuifufua. Grisi ile ndiyo iliyoiokoa: Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, waliikuta mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mimi huiheshimu zaidi kwa utumishi wake. Kwa kuwa vijiji vingi vya mwambao havina gati, ilisimama mbali na ufuko na kupiga honi. Mitumbwi ikaizunguka, na mama mwenye mtoto mgongoni akapokewa kwa mikono kutoka mlango wa ubavuni, magunia ya dagaa yakipitishwa juu ya kichwa chake kupandishwa melini.