Nzi bado wanaruka siku ya pili: usiimwage dawa ya fangasi

Mkuu, umesema umepulizia dawa ya fangasi ya Beauveria kwenye banda la kuku juzi, nzi bado wamejaa, na unahisi umeuziwa unga wa muhogo. Pole, lakini subiri kwanza. Nafuga kuku wa mayai na nimepita hapohapo.

Hii ni ukungu hai. Vijimbegu vyake vinamnata nzi mwilini, vinachipua, vinatoboa ganda lake na kumla kutokea ndani. Nzi huyo anaendelea kuruka siku kadhaa, mara nyingi karibu wiki, ndipo anakufa.

Mara ya kwanza nilipulizia saa nne asubuhi kwenye ukuta unaopigwa na jua. Jua kali linaua vijimbegu, hela ikapotea. Mara ya pili nikaingia bandani usiku na tochi kuangalia nzi wanalala wapi: wamejipanga kwenye kamba na kenchi za paa. Nikakata vipande vya kaniki, nikavilowesha dawa, nikavining'iniza palepale jioni. Wazo hilo lilitoka Lupiro, kijiji cha karibu na Ifakara, ambako watafiti walitundika vitambaa vyeusi vya pamba vyenye Metarhizium, ukungu mwingine unaoua wadudu, ndani ya nyumba za watu ili kunasa mbu wa malaria. Matokeo yalichapishwa 2005: asilimia 23 ya mbu walioingia waliambukizwa.

Kwa mbu wa malaria, kufa polepole kunatosha, kwa sababu vimelea vinahitaji kama siku 10 hadi 14 ndani yake kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Nzi wa nyumbani hasubiri. Ametoka chooni, anatua kwenye uji wa mtoto, kuhara kumeshafika. Tena jike anataga mapema, na kwenye joto yai linakuwa nzi ndani ya wiki moja hivi. Kwa hiyo mbolea mbichi ikiendelea kulala bandani, ukungu hautawamaliza hata ununue gunia. Mimi nazoa kila baada ya siku tatu, na natundika kaniki kabla nzi hawajafurika.

Ukitaka kujua kama dawa yako ni hai, kuanzia siku ya tano okota nzi waliokufa, waweke kwenye chupa yenye pamba yenye unyevu, funika, weka kivulini. Baada ya siku chache, wakiota unga mweupe kwenye maungio ya miili yao, dawa ni nzima. Wasipoota, mrudishie muuzaji.