Wikiendi ya peke yako Málaga: maswali yenu na majibu yangu

Wengi mlioniandikia mnaishi Ulaya. Mmepata tiketi ya ndege ya bei nafuu na siku mbili za mapumziko, na mnataka kwenda Málaga, mji wa pwani kusini mwa Hispania, bila mwenzi. Haya ndiyo maswali yanayojirudia zaidi.

Shangazi shikamoo. Nina pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi Ujerumani. Nahitaji viza? (Msomaji, Hamburg)

Marahaba. Huhitaji. Kibali halali cha nchi moja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, kinakuruhusu kutembelea nyingine hadi siku 90 katika kila siku 180. Beba kibali chenyewe na pasipoti. Picha kwenye simu haitoshi. Ninyi mlioniandikia kutoka Leicester, mambo yenu ni tofauti. Uingereza haimo Schengen, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaomba viza, na bima yake ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000. Anzeni mapema.

Kutoka uwanja wa ndege napanda nini? (Msomaji, Brussels)

Treni ya C1, kituo kipo hapohapo uwanjani. Shuka kituo cha mwisho, Centro-Alameda. Ni kama robo saa tu. Angalia upande unaopanda, kwani treni hiyohiyo inayokwenda Fuengirola inakupeleka mbali na mji. Ukitua usiku wa manane, chukua teksi. Panga chumba katikati ya mji, utembee kwa miguu kila mahali.

Naona haya kukaa mezani peke yangu. Tena mimi Mwislamu, sili nguruwe wala sinywi pombe. Nitakula nini? (Msomaji, Rotterdam)

Mwanangu, swali lako nimelipenda kuliko yote, maana watu wengi wanaosafiri peke yao huishia kula mkate chumbani.

Panda basi namba 11 uende Pedregalejo, mtaa wa zamani wa wavuvi mashariki mwa mji. Kwenye mchanga, mbele ya migahawa, utaona mashua kuukuu zilizojazwa mchanga na juu yake moto wa kuni. Mchomaji anatunga sardini kama sita kwenye kijiti cha tete, akikipitisha chini ya uti wa mgongo ili samaki wasidondoke wakiiva. Anawamwagia chumvi ya mawe, kisha anakichomeka kijiti mchangani kikiwa kimeinamia makaa, upande ambao upepo hausukumi moshi. Hakuna unga wala viungo. Ngozi ikianza kutoa malengelenge na mafuta kudondoka, anageuza. Wanaita espeto, na kila mtu pale anakula kwa mkono. Kijiti kimoja ni sahani ya mtu mmojamoja, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kwamba umekuja peke yako. Kuanzia Mei hadi Agosti ndipo sardini wananona.

Mjini, usisubiri meza. Kaa kaunta, mtu mmoja hakosi kiti. Kuhusu nguruwe, kuwa macho: hata salmorejo, ile supu nzito ya nyanya inayonywewa baridi, kwa kawaida hunyunyiziwa vipande vya nyama hiyo juu. Sema "sin jamón", yaani bila nyama hiyo ya nguruwe, kabla hawajaleta. Baadhi ya michuzi ya samaki hupikwa kwa mvinyo, ndiyo maana mimi nakushauri ushikamane na samaki wa kuchoma.

Na ufuate saa zao. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi, cha usiku kinaanza saa tatu. Ukijipeleka mgahawani saa kumi na mbili jioni na njaa yako, mara nyingi utakuta jiko limefungwa.

Niende Granada Jumamosi nikaione Alhambra? (Msomaji, Zürich)

Hapana. Alhambra, ngome na majumba ya watawala Waislamu wa zamani, iko kilomita zaidi ya 120 kwenda tu, na tiketi za majumba ya ndani zina saa maalumu, tena huisha mapema. Iwekee safari yake yenyewe.

Málaga kuna ngome ya Waislamu, Alcazaba, na chini yake ukumbi wa michezo wa Warumi uliofukuliwa kuanzia 1951. Waliojenga ngome walichukua nguzo kutoka kwenye ukumbi huo, na ukipita malangoni utaziona zimeshikilia matao. Mji ulianguka mikononi mwa Fernando na Isabel, mfalme na malkia Wakristo, mwaka 1487. Jumapili kuanzia saa nane mchana kuingia ngomeni ni bure. Soko la Atarazanas lifanye Jumamosi asubuhi, Jumapili limefungwa. Mchoraji Pablo Picasso alizaliwa mjini humo 1881, nyumba iko Plaza de la Merced.

Nimekulia Tanga. Maji yanapwa saa ngapi, na mkoba wangu ataulinda nani? (Msomaji, Lyon)

Hayapwi, ndugu yangu, si kwa kiasi cha kukufanya uulize. Ufuo wa Malagueta una upana uleule asubuhi na jioni. Cha kukushtua ni baridi. Maji ya Atlantiki huingia kwa mlango wa Gibraltar, na hata Agosti hutapata uvuguvugu wa kwenu. Bendera nyekundu ikipanda, usiingie.

Mkoba usiwe nao. Pasipoti iache hotelini, nenda na taulo, funguo na hela ndogo kwenye kifuko kisichoingiza maji cha kuvaa shingoni. Ufuo wote ni wa umma, utandike taulo popote bila kulipa. Kinacholipiwa ni vitanda na miavuli.

Mama yuko Bukoba, hataki kusikia binti anasafiri peke yake. Nimwambieje? (Msomaji, Wien)

Usimfiche. Mtumie jina la hoteli, anwani na saa za ndege. Mweleze kwamba usiku mtaa wa Larios umejaa mabibi na wajukuu, na namba ya dharura ni 112. Kisha mpigie kila jioni kabla ya kula. Majira ya joto Bukoba iko mbele kwa saa moja, majira ya baridi saa mbili, na ukingoja mpaka umalize chakula cha Wahispania atakuwa amekwisha kulala, au amekesha akikungoja.